Maswali ya Wasomaji: Upasuaji wa Moyo na Takwimu Zake

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja. Mtu amepewa namba hospitalini, au ameisoma gazetini, na hajui aifanyie nini. Tumechagua nane. Anayekujua ni daktari wako, na uamuzi ubaki baina yako naye. Sisi tunataka uingie chumbani kwake ukiwa na maswali yanayogusa kiini.

SWALI: Baba yangu ana miaka 63 na ana kisukari cha muda mrefu. Kipimo kimeonyesha mishipa yote mitatu mikubwa inayolisha moyo imeziba kwa sehemu kubwa. Daktari mmoja anasema awekewe stenti, mwingine anasema afunguliwe kifua afanyiwe baipasi. Baba anaogopa kisu. Si ni kweli kwamba njia zote mbili zinafikisha mahali pamoja? – *Binti wa mgonjwa*

JIBU: Pole kwa kuuguza. Kwa mtu mwenye kisukari na mishipa mitatu iliyoziba, njia hizi hazifikishi mahali pamoja, na hili ni mojawapo ya maswali machache ya tiba ya moyo ambayo utafiti umeyajibu bila kumung'unya maneno.

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao FREEDOM. Wagonjwa 1,900, wote wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyoziba, waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata stenti zenye dawa na wengine baipasi. Ilipotimia miaka mitano, waliokufa au kupata shambulio la moyo au kiharusi walikuwa asilimia 26.6 upande wa stenti na 18.7 upande wa baipasi. Vifo peke yake vilikuwa asilimia 16.3 dhidi ya 10.9. Kwa kila wagonjwa 100 wa aina ya baba yako, watano hivi zaidi walikuwa hai kwa sababu walipelekwa kwenye kisu.

Sababu iko kwenye mshipa wenyewe. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachotanua sehemu iliyobana, mara nyingi sentimita mbili au tatu tu. Kisukari nacho huchakaza mshipa kwa urefu wake, kwa hiyo baadaye utando wa mafuta unaweza kupasuka juu au chini ya stenti. Baipasi ni mshipa mwingine wa mgonjwa mwenyewe, wa kifuani au mguuni, unaounganishwa mbele ya eneo lote baya. Hata kizuizi kipya kikizuka huko nyuma, damu imeshapata njia nyingine.

Hofu ya baba ina msingi, msiibeze. Katika utafiti huohuo kiharusi kilikuwa asilimia 5.2 kwa waliofanyiwa baipasi na 2.4 kwa wa stenti, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokea siku 30 za mwanzo. Anayechagua baipasi anabeba hatari kubwa zaidi mwanzoni ili apate miaka mingi baadaye. Hesabu hiyo inaweza kugeuka ikiwa mgonjwa ni dhaifu sana, mapafu yamechoka, au mishipa iliyo mbele ya kizuizi ni myembamba mno kushonewa. Inabadilika pia ikiwa mshipa ulioziba ni mmoja tu.

Ombeni madaktari hao wawili, wa stenti na wa upasuaji, wakae pamoja waangalie picha zilezile. Waulizeni alama za SYNTAX za baba ni ngapi. Ni kipimo cha ugumu wa vizuizi: 22 kushuka chini ni nafuu, 33 kupanda juu ni ugumu mkubwa. Muulizeni mpasuaji atatumia mishipa gani. Mshipa wa ndani ya ukuta wa kifua, upande wa kushoto, ukiunganishwa na mshipa mkuu wa mbele wa moyo, baada ya miaka 10 bado uko wazi kwa watu takribani 9 kati ya 10. Mishipa inayotolewa mguuni haidumu hivyo, kwani karibu nusu huwa imeziba au kuharibika sana ndani ya muda huo. Mpango usiogusa kabisa mshipa wa kifuani unahitaji kuelezwa sababu.

Kama baba anameza klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla ya upasuaji uliopangwa, na aspirini huendelea. Ila asiiache kabla timu haijampa tarehe.

SWALI: Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa moyo. Siku ya tatu moyo ukaanza kwenda mbio bila mpangilio, akarudishwa kwenye mashine. Ina maana upasuaji umeharibika? – *Mama mwenye wasiwasi*

JIBU: Hapana, mama. Hali hii huwapata takribani mgonjwa 1 kati ya 3 baada ya kufunguliwa kifua, na kilele chake ni kati ya siku ya pili na ya nne. Vyumba vya juu vya moyo vimeshikwashikwa, mwili mzima uko kwenye uvimbe wa kupona, na mara nyingi potasiamu na magnesiamu kwenye damu zimeshuka. Wahudumu hurudisha madini hayo na kutoa dawa za kutuliza kasi kama metoprololi au amiodaroni. Wengi hurudi kwenye mapigo ya kawaida ndani ya siku au wiki chache.

La kuchunga ni donge la damu linaloweza kuganda moyoni na kwenda ubongoni. Hali ikidumu zaidi ya saa 48, daktari hufikiria dawa ya kuzuia damu kuganda. Kabla hamjaruhusiwa, hakikisheni karatasi inasema dawa hiyo ni ya mpaka lini na nani atapima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kabla ya kuisimamisha. Karatasi isiyo na tarehe ya mwisho ndiyo inayowaponza watu. Mmoja anaiacha wiki ya pili kwa kuona amepona, mwingine anaimeza miaka bila sababu.

SWALI: Nina miaka 57. Kifua hunibana nikipanda ngazi, nikisimama kinaachia. Ni mwaka sasa, hakijaongezeka. Nimeambiwa mshipa mmoja umebana kwa asilimia 80 na kwamba stenti itanikinga na shambulio la moyo. Niikubali?

JIBU: Tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku, yaani kupunguza maumivu na kuzuia kifo.

Kuhusu kifo na shambulio la moyo, utafiti wa ISCHEMIA uliochapishwa 2020 ulichukua watu 5,179 katika nchi 37, wenye ugonjwa uliotulia kama wako lakini vipimo vinavyoonyesha moyo unakosa damu ya kutosha. Kundi moja lilianza na dawa pamoja na kipimo cha mishipa, kisha stenti au baipasi. La pili lilianza na dawa peke yake, na kipimo kikawekwa akiba kwa watakaozidiwa. Kwa ufuatiliaji wenye muda wa katikati wa miaka 3.2 (nusu ya watu walifuatiliwa zaidi ya hapo, nusu chini), vifo vilikuwa 145 kundi la kwanza na 144 la pili. Tunaomba uzisome namba hizo mara mbili. Mashambulio ya moyo nayo, ukijumlisha yaliyosababishwa na utaratibu wenyewe, hayakutoa mshindi.

Wengi hushangaa, kwa sababu picha ya mshipa uliobana huonekana kama bomba linalongoja kuziba. Kumbe mashambulio mengi hutokana na utando wa mafuta ambao haukuwa umebana sana. Unapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unaziba ndani ya dakika. Stenti haiwezi kuwekwa kila mahali palipo na utando, ila dawa inafika kote.

Kuhusu maumivu, jibu limechukua muda kunyooka. Mwaka 2017 utafiti wa ORBITA uliwalaza wagonjwa 200 kwenye meza, wakapewa dawa ya usingizi na kuvishwa vipokea sauti vyenye muziki wasisikie wanachosema madaktari. 105 wakawekewa stenti, 95 hawakuwekewa chochote. Baada ya wiki 6 muda wa mazoezi kwenye mashine haukutofautiana kwa kiwango cha kuaminika. Lakini wote walikuwa wameshapewa dawa nyingi za kifua. Watafiti walirudia mwaka 2023, ORBITA-2, kwa watu 301 walioacha dawa hizo za maumivu, na safari hii stenti ilipunguza kubanwa kwa kifua waziwazi.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kwanza hakikisha umepewa dawa kamili: statini (dawa ya kushusha lehemu) ya kipimo kikubwa, mathalani atovastatini miligramu 40 hadi 80, aspirini miligramu 75 hadi 100, dawa ya presha ikihitajika, na ya kupunguza kasi ya moyo. Pima lehemu mbaya (LDL) baada ya wiki 6 hivi. Miongozo ya Ulaya hutaka ishuke chini ya milimoli 1.4 kwa lita kwa mtu mwenye ugonjwa wako. Kama miezi michache ya dawa sahihi bado haikuruhusu kupanda ngazi, stenti ni chaguo zuri, na utaikubali ukijua inakuondolea nini.

Majibu ya ISCHEMIA hayamhusu kila mtu. Wenye kizuizi kwenye shina la mshipa wa kushoto wa moyo hawakuingizwa, wala wenye moyo dhaifu sana, wala wenye maumivu yasiyovumilika. Na shambulio lenyewe likikupata, yaani kifua kinachobana ukiwa umetulia na hakiachii ndani ya dakika 15, mara nyingi kwa jasho la baridi, usifikirie makala haya hata kidogo. Nenda hospitali. Hapo kuzibua mshipa kwa haraka huokoa maisha, na kila nusu saa inayopotea ni msuli wa moyo unaokufa.

SWALI: Nimesoma kwamba dawa mpya ya moyo kushindwa imepunguza hatari kwa asilimia 26. Yaani kati ya wagonjwa 100 wanaokolewa 26?

JIBU: La, ingawa gazeti halikudanganya. Bila shaka ni dapaglifozini, iliyopimwa katika utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019 kwa watu 4,744. Kwa muda wa katikati wa miezi 18 hivi, waliozidiwa na ugonjwa au kufa kwa sababu ya moyo walikuwa 21.2 kati ya 100 kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa, na 16.3 kati ya 100 kwa waliomeza dawa. Tofauti ni watu 4.9. Asilimia 26 inatokana na kulinganisha kasi ya matukio katika makundi mawili, yaani uwiano.

Gawanya 100 kwa 4.9 upate 20.4, ambayo hukadiriwa juu kuwa 21. Watu 21 wanapaswa kumeza dawa hii kwa mwaka mmoja na nusu ili mmoja aepushwe na tukio hilo. Kwa ugonjwa huu hayo ni matokeo mazuri sana. Ila ukikutana na tangazo lenye uwiano peke yake, tafuta namba mbili za kila kundi kabla hujafurahi. Hatari ya 2 kwa 1,000 ikishuka hadi 1 kwa 1,000 nayo huandikwa "imepungua kwa asilimia 50".

SWALI: Hospitali moja inasema wanaokufa baada ya upasuaji wa moyo ni asilimia 2, nyingine inasema asilimia 4. Tumpeleke kaka kwenye ya kwanza?

JIBU: Bado hamjapata taarifa ya kutosha kuamua.

Ulizeni kwanza asilimia 2 ya wangapi. Kifo 1 kati ya wagonjwa 50 ni asilimia 2, lakini kwa idadi ndogo hivyo hatari halisi ya hospitali inaweza kuwa chini ya asilimia 1 au ikafika karibu 11, na takwimu zisiweze kutofautisha. Hata hospitali isiyopoteza mtu kati ya 50 haijathibitisha usalama. Kanuni rahisi ni kugawanya 3 kwa idadi ya wagonjwa. Hapa ni 3 kwa 50, hivyo hatari yenyewe bado inaweza kuwa hadi asilimia 6.

Pili, wagonjwa wa aina gani. Hospitali inayopokea waliokataliwa kwingine, wenye figo zilizochoka, vali zilizoshambuliwa na vijidudu, au wanaofunguliwa kifua mara ya pili, itapoteza wengi zaidi hata kama mikono yao ni bora. Ndiyo maana kuna vikokotoo kama EuroSCORE II. Unaingiza umri, jinsia, hali ya figo na mapafu, nguvu ya moyo, shinikizo kwenye mapafu, dharura au la, uzito wa upasuaji, kinakupa hatari inayotarajiwa. Kisha vifo halisi hugawanywa kwa vifo vilivyotarajiwa. Hospitali yenye asilimia 4 ilhali ilitarajiwa 6 ina uwiano wa 0.67. Yenye asilimia 2 ilhali ilitarajiwa 1 ina uwiano wa 2, na hiyo ndiyo ya kutiliwa shaka. Tahadhari moja: kikokotoo hicho kilitengenezwa kwa data iliyotoka zaidi hospitali za Ulaya. Kwa vijana wenye vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, kitumieni kama mwanga tu.

Tatu, vifo vimehesabiwa mpaka lini. Anayehesabu hadi mgonjwa anapotoka mlangoni ataonekana bora kuliko anayehesabu siku 30, hasa akiwahisha kuruhusu wagonjwa.

Mkiwa na muda wa swali moja tu, muulizeni mpasuaji: upasuaji wa aina hii hasa, hapa mnafanya mingapi kwa mwaka, na kwa mtu kama kaka yetu mnatarajia hatari kiasi gani? Anayejua hesabu zake atajibu bila kukasirika.

SWALI: Mama yetu ameombwa ajiunge na utafiti wa tiba ya moyo. Wanasema kompyuta itachagua kama apate tiba mpya au ya zamani. Tumeudhika. Daktari hajui kilicho bora? Au wanataka kumfanyia majaribio?

JIBU: Tunaelewa hasira yenu. Jibu la kweli ni kwamba hajui, na heshima kwenu ni kukiri hivyo. Ingekuwa tayari inajulikana tiba ipi ni bora, kamati ya maadili isingeruhusu utafiti huo kufanyika.

Historia ya moyo ina mifano ya kuumiza ya madaktari waliokuwa na uhakika. Katika miaka ya 1980 iliaminika kwamba mtu aliyepata shambulio la moyo, akiwa na mapigo ya ziada, apewe dawa za kuyafuta. Dawa ziliyafuta kweli. Utafiti wa CAST ukaja kuzilinganisha na vidonge visivyo na dawa, na sehemu ya dawa mbili kati ya hizo, enkainidi na flekainidi, ikabidi isimamishwe mapema. Kati ya watu takribani 1,500, waliokufa walikuwa 63 waliomeza dawa na 26 tu ambao hawakumeza. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wameandikiwa dawa hizo kwa nia njema.

Upasuaji nao haukusalimika. Katika miaka ya 1950 mshipa wa ndani ya kifua ulikuwa ukifungwa kwa uzi, kwa imani kwamba damu itaelekea moyoni, na wagonjwa walisema wamepata nafuu. Mwaka 1959 Leonard Cobb na wenzake walichapisha utafiti wa watu 17 ambao baadhi yao walichanjwa ngozi tu, mshipa haukufungwa. Nafuu ilikuwa sawa kwa wote. Upasuaji huo ukaachwa.

Kompyuta inachagua kwa sababu binadamu akichagua, wenye afya nafuu huishia upande mmoja. Baadaye tiba inasifiwa kwa kupewa watu ambao wangepona hata bila hiyo.

Kabla ya kusaini, chukueni fomu ya ridhaa mrudi nayo nyumbani. Iwe katika lugha mama anayoielewa, na someni haya: tiba ya kila kundi ni ipi na kundi la zamani linapata tiba bora iliyopo au la, nani analipia vipimo vya ziada, mama akiumizwa na utafiti nani anagharimia matibabu, damu yake itahifadhiwa muda gani, dawa ikionekana kufaa, ataendelea kuipata utafiti ukiisha? Pawepo na jopo huru linalofungua takwimu kabla ya mwisho, lenye uwezo wa kusimamisha kazi kama lilivyofanya CAST. Pawepo na namba ya simu ya kamati ya maadili, mbali na ya mtafiti. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida.

Ondokeni mkiona mambo mawili: mnatozwa fedha kwa tiba inayojaribiwa, au fomu inaletwa mama akiwa tayari kwenye kitanda cha kusukumwa kuelekea chumba cha upasuaji kwa kazi isiyo ya dharura.

SWALI: Nina miaka 29, niliwekewa vali ya chuma upande wa mitrali, kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Nimechoka kupimwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, kila mwezi. Nasikia kuna vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda visivyohitaji vipimo. Naweza kubadilisha?

JIBU: Usibadilishe, dada. Kwa vali ya chuma jambo hili limejaribiwa na lilileta madhara. Utafiti wa RE-ALIGN, uliochapishwa 2013, ulilinganisha dabigatrani, mojawapo ya vidonge hivyo vipya, na warfarini, dawa ya zamani inayohitaji INR, kwa watu 252 wenye vali za chuma, ukasimamishwa mapema kwa sababu upande wa dabigatrani ulikuwa na viharusi na damu nyingi kuvuja kuliko warfarini.

Hata wasio na vali ya chuma, lakini vali zao zimeharibiwa na homa ya rumatiki na moyo unapiga bila mpangilio, walipata jibu kama hilo. INVICTUS, mwaka 2022, ulifuatilia watu 4,531 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Waliotumia warfarini au dawa za jamii yake walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, kidonge kingine kipya, na damu haikuwavuja zaidi. Tunaupenda utafiti huu kwa sababu uliwauliza wagonjwa wenyewe wa ugonjwa huu, badala ya kuazima majibu kutoka kwa wazee wenye maradhi tofauti.

Kwa vali ya mitrali ya chuma, INR hulengwa kwenye 3.0, kati ya 2.5 na 3.5. Kinachoharibu mara nyingi kinajulikana. Dozi hurukwa kisha kesho yake mtu anameza mbili. Antibayotiki kama metronidazoli au kotrimoksazoli hupandisha INR ndani ya siku chache. Vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki huongeza kuvuja damu hata INR ikiwa sawa. Mboga za majani huna haja ya kuziacha, kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Ukianza dawa yoyote mpya, pima INR baada ya siku 3 hadi 5. Na kila anayekuandikia dawa, akiwemo wa meno, aambiwe una vali ya chuma.

Umri wako unatulazimu kuongeza hili: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na 12, na kuiacha kunaweza kugandisha vali ukapoteza maisha. Mpango wa ujauzito uanze kwa daktari wa moyo kabla ya mimba. Ikishatunga bila kutarajiwa, nenda siku hiyohiyo, ukiendelea na dawa mpaka akupe maelekezo.

SWALI: Mimi ni daktari kijana. Nimepewa kazi ya kukusanya matokeo ya upasuaji wa moyo wa miaka mitano katika idara yetu. Nianzie wapi, na wapi watu hukosea? – *Mtafiti mchanga*

JIBU: Anzia kwenye daftari la chumba cha upasuaji, usianzie kwenye rafu ya mafaili. Kwenye rafu ndipo makosa mengi huzaliwa. Faili la aliyekufa mara nyingi limetolewa: liko kwenye kikao cha mapitio ya vifo, au limefungiwa kwingine. Ukihesabu yaliyobaki rafuni, idara itaonekana bora kuliko ilivyo, na hakuna hesabu ya baadaye itakayosahihisha hilo. Andika kila jina lililo katika daftari la upasuaji, kisha ulilinganishe na daftari la chumba cha wagonjwa mahututi na la vifo. Mstari usio na faili ubaki kwenye orodha yako ukiwa na alama yake. Usiufute.

Pili, andika tafsiri za matokeo kabla ya kuona data. Kifo ni ndani ya siku 30, au kabla ya kuruhusiwa, au vyote viwili? Figo kuumia ni kreatinini (taka ya damuni inayoonyesha kazi ya figo) kupanda kwa kiasi gani, ndani ya saa ngapi? Shambulio la moyo baada ya upasuaji ndilo gumu zaidi, maana kisu chenyewe hupandisha troponini, protini ya damuni inayoonyesha msuli wa moyo umeumia. Utafiti mkubwa wa EXCEL, uliolinganisha stenti na baipasi kwa watu 1,905 wenye shina la kushoto lililobana, ulizua mabishano makali kuhusu hilohilo: tafsiri ya shambulio ikibadilika, mshindi naye anaweza kubadilika.

Tatu, waliopotea. Mgonjwa asiyerudi kliniki si mgonjwa aliye salama. Piga simu, na upige kwa ndugu pia, maana simu ya marehemu haipokelewi. Ukikosa asilimia 15 ya watu wakati vifo vyako ni asilimia 4, waliopotea wana uzito kuliko ulichopata. Toa hesabu mbili, moja ukiwachukulia hai na nyingine ukichukulia sehemu yao wamekufa, msomaji aone upana wa shaka.

Ukija kulinganisha njia mbili, kuwa mwangalifu na kuwahesabu watu kwa walichopata badala ya walichopangiwa. Katika utafiti wa ART, wagonjwa 3,102 walipangiwa kwa bahati nasibu kutumia mishipa miwili ya kifuani au mmoja. Karibu asilimia 14 ya waliopangiwa miwili walimalizia na mmoja. Walipohesabiwa kama walivyopangiwa, vifo vya miaka 10 vilikuwa asilimia 20.3 na 21.2, hakuna tofauti ya kuaminika. Ukiwahesabu kwa walichopata, mishipa mingi inaonekana bora. Lakini waliobadilishiwa mezani huenda ndio waliokuwa na hali ngumu zaidi, kwa hiyo hujui unachopima ni mshipa au mgonjwa. Wewe huna hata bahati nasibu ya kukulinda, basi usitumie neno "imesababisha" popote.

Na usiifunge kazi siku ya 30. Utafiti wa STICH ulichukua watu 1,212 wenye moyo dhaifu, nguvu ya msukumo (sehemu ya damu ya chumba cha kushoto inayotoka kwa kila pigo) asilimia 35 au chini. Mwaka 2011, kwa miaka mitano hivi, baipasi ilikuwa na vifo vichache lakini tofauti haikutosha kuthibitisha. Mwaka 2016, baada ya miaka 10, vifo vilikuwa asilimia 58.9 kwa waliofanyiwa baipasi pamoja na dawa na 66.1 kwa dawa peke yake, na safari hii ilithibitika. Wagonjwa ni walewale. Hivyo omba leo kibali cha kamati ya maadili kinachokuruhusu kuwapigia tena baada ya mwaka 1 na miaka 5, na kwenye fomu mpya ya kulazwa ongeza nafasi ya namba tatu za simu, mbili kati yake ziwe za ndugu wasioishi nyumba moja na mgonjwa.